Dhamiri na Kadi ya Chama

Liko swali moja ambalo huulizwa kila uchaguzi unapokaribia, na uchaguzi ukiisha husahauliwa mpaka miaka mitano mingine. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu mwema, mwenye akili timamu na sifa njema kwa jirani zake, lakini asiyekuwa mwanachama wa chama chochote cha siasa, aweza kuwa mwakilishi wa wenzake? Sheria ya nchi yetu yajibu kwa neno moja tu: Hapana. Atakaye kuwa Rais, au mbunge, au diwani, hata mwenyekiti wa kitongoji, sharti awe mwanachama wa chama, tena adhaminiwe na chama hicho. Sisi hatukusudii leo kuwafundisha wanasheria kazi yao. Twataka kulitazama jambo hili kwa upande wa haki na wajibu. Kwa maana sheria yaweza kugeuzwa katika mkutano mmoja wa Bunge, bali wajibu wa mtu kwa jirani yake haugeuki upesi namna hiyo.

Na tuanze karibu na nyumbani. Asafiriye kutoka Kondoa mjini kwenda kaskazini, akapita Kolo yenye michoro ya kale miambani, akapanda mpaka Bereku, mwisho hushukia Babati. Katika siku za mwisho za utawala wa Waingereza, Babati ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu, nayo Mbulu ilikuwa jirani wa Kondoa. Ni katika wilaya hiyo ya jirani zetu kwamba, mwaka 1960, lilitokea jambo ambalo vijana wengi wa leo hawakupata kulisikia, wala wazee wengi hawalikumbuki tena.

Mwezi wa Agosti mwaka 1960, Tanganyika ilifanya uchaguzi mkuu wa kuielekea serikali ya madaraka. Viti vya kugombewa vilikuwa 71. Chama cha TANU, chini ya uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere, kilikuwa na nguvu kubwa kiasi kwamba wagombea 58 walipita bila kupingwa na mtu yeyote. Katika majimbo machache yaliyobaki watu walipiga kura, na hesabu ilipokwisha, TANU ilikuwa na viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja tu kilikwenda kwa mtu mwingine, na kiti hicho kilikuwa cha Mbulu. Aliyekipata aliitwa Herman Elias Sarwatt.

Basi Sarwatt alikuwa adui wa TANU? La hasha. Alikuwa mwanachama wa TANU. Alitaka Uhuru kama walivyoutaka wengine. Jambo alilolikataa lilikuwa moja tu, nalo ni uteuzi. Chama kilikuwa kimemchagua Chifu Amri Dodo kuwa mgombea wake rasmi, naye Sarwatt akasimama kwa jina lake mwenyewe, akawaachia watu wa Mbulu waamue. Wakaamua. Wala nchi haikutetemeka kwa sababu ya uamuzi wao. Uhuru haukuchelewa hata siku moja. Ulifika tarehe 9 Desemba 1961 kama ilivyopangwa, na kile kiti kimoja kikawa kiti cha mbunge miongoni mwa wabunge.

Twalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kuonyesha kwamba mgombea binafsi si kitu kigeni kilicholetwa juzi na wafadhili wa ng'ambo, kama wengine wapendavyo kusema. Alikuwapo kwetu kabla bendera yetu haijapandishwa. Sababu ya pili ni kwamba kisa cha Sarwatt chatuonyesha swali lenyewe likiwa bado jepesi, halijavikwa mavazi mengi. Chama kilisema, "Huyu ndiye anayewafaa." Watu wakasema, "Tumesikia, lakini sisi twamjua yule." Ni nani basi mwenye neno la mwisho katika kumchagua mwakilishi, yule anayemtuma au yule anayempendekeza?

Yaliyofuata twayajua. Mwaka 1965 nchi yetu iliwekewa Katiba ya chama kimoja. Katika uchaguzi wa mwaka huo wananchi walipewa wagombea wawili katika kila jimbo lililopigiwa kura, mmoja mwenye alama ya jembe na mwingine mwenye alama ya nyumba, na wote wawili walikuwa wamepitishwa na chama. Hatupaswi kuudharau uchaguzi ule. Watu waliutumia vema uhuru walioachiwa. Hata waziri wa fedha, Paul Bomani, alishindwa jimboni kwake. Lakini mlango aliopitia Sarwatt ulikuwa umefungwa. Tena, kwa kuwa sharti la ubunge lilikuwa uanachama, aliyepoteza kadi alipoteza na kiti. Mwaka 1968 chama kiliwafukuza wabunge kadhaa, na wale waliowachagua hawakuulizwa neno lolote.

Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ulirudi, na wengi walitazamia kwamba mlango ule utafunguliwa. Haukufunguliwa. Palipokuwa na chama kimoja pakawa na vyama vingi, lakini sharti la kadi likabaki vile vile. Ndipo alipotokea Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye chama chake kilikuwa kimenyimwa usajili. Mwaka 1993 alifungua shauri katika Mahakama Kuu pale Dodoma, mji ambao sisi wa Kondoa huuendea kwa mambo yetu ya serikali na ya hospitali. Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alitoa hukumu: raia ana haki ya kugombea bila kudhaminiwa na chama. Lakini siku chache kabla ya hukumu hiyo, serikali ilikwisha kupeleka Bungeni muswada wa kuibadili Katiba. Na kabla mwaka haujaisha Bunge likaupitisha. Kile ambacho hakimu alikiona ni haki, watunga sheria walikizuia kwa Katiba yenyewe.

Mchungaji hakuchoka. Alirudi mahakamani mwaka 2005, na tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa haki tena. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 17 Juni 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ilisema kwamba jambo hili ni la siasa na ni la Bunge kuliamua, si la mahakama. Shauri likafika Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ilitamka kwamba Tanzania imevunja haki za raia wake kwa kuwazuia kugombea bila chama. Mtikila alifariki katika ajali ya gari mwezi wa Oktoba mwaka 2015, kabla hajaona sheria ikibadilishwa. Rasimu ya Katiba iliyotayarishwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa imempa nafasi mgombea huru, lakini Katiba mpya haikupatikana. Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 nayo haikuufungua mlango.

Hiyo ndiyo historia kwa ufupi. Sasa na tupime hoja zenyewe, tena kwa haki. Kwa maana si vema kumshinda mtu kwa kumsingizia maneno asiyoyasema.

Wanaolipinga jambo hili husema hivi. Kwanza, husema kwamba kazi ya kutawala si kazi ya mtu mmoja. Jifya moja haliinjiki chungu. Mbunge aliye peke yake atatoa hotuba nzuri, atapigiwa makofi, kisha atarudi jimboni mikono mitupu. Hana wenzake wa kumwunga mkono, hana ilani, hana nguvu ya kupitisha hata kifungu kimoja. Pili, husema kwamba chama humchuja mtu. Chamjua tabia yake, chaweza kumwita na kumkemea. Asiye na chama atakemewa na nani? Tatu, husema kwamba nchi yetu ina makabila mengi na dini mbalimbali, na chama hulazimika kuwakusanya watu wa kila namna. Bali mtu binafsi aweza kusimama kwa kabila lake, au kwa dini yake, au kwa fedha zake, akaugawa umoja tuliorithishwa. Nne, husema kwamba wengi wa hao wajiitao huru si huru hata kidogo. Ni watu walioshindwa katika kura za maoni ndani ya vyama vyao, wakashikwa na hasira.

Hoja hizi si za kipuuzi, nasi hatuzidharau. Hiyo ya nne twaikubali kwa sehemu kubwa, kwa kuwa majirani zetu wametuonyesha ukweli wake. Uganda wabunge wasio na chama wamekuwa wengi. Katika uchaguzi wa mwaka 2021 walipita zaidi ya 70, na wengi miongoni mwao walitoka katika chama kinachotawala baada ya kukosa uteuzi. Na Sarwatt mwenyewe je? Naye alisimama dhidi ya mteule wa chama chake. Basi tusimfanye kila mgombea binafsi kuwa shujaa wa dhamiri. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na hasira haigeuki kuwa adili kwa kuitwa uhuru.

Lakini tazama vile wenzetu wa Kenya walivyolitengeneza jambo hilo. Katiba yao ya mwaka 2010 yamruhusu mgombea binafsi, lakini yamtaka asiwe amekuwa mwanachama wa chama chochote kwa muda wa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na atakaye ubunge wa jimbo sharti aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 1,000 wa jimbo hilo. Kwa masharti hayo mwenye hasira ya jana hupewa muda wa kupoa, na mwenye fedha tu bila watu huonekana mapema. Mwaka 2017 watu wa Laikipia walimchagua Ndiritu Muriithi kuwa gavana wao hali hakudhaminiwa na chama chochote, na Kenya haikuvunjika kwa hilo. Twajifunza hapa kwamba hatari ya kitu kizuri hutibiwa kwa kanuni, wala si kwa kukikataza kabisa. Moto huunguza nyumba, lakini hakuna mama aliyeuzima daima akawalisha watoto wake unga mbichi.

Na hoja ya tatu, ile ya ukabila na udini? Twaiheshimu, kwa sababu amani yetu ni mali ya thamani. Lakini tujiulize bila hila: je, kadi ya chama humtoa mtu ukabila moyoni mwake? Mwamba ngozi huvuta kwake, awe ana kadi au hana. Ikiwa sheria zimekwisha kukataza kampeni za kikabila na za kidini, zamkataza mwenye chama na asiye na chama sawasawa. Kumzuia raia asigombee kwa hofu ya kosa ambalo bado hajalitenda ni kumfunga mtu kabla ya kushitakiwa.

Hoja ya pili yasema kwamba asiye na chama hana wa kumkemea. Sisi twaona kwamba hapa ndipo ulipo moyo wa jambo lote. Ni nani mwenye haki ya kumkemea mbunge? Ikiwa jibu ni chama, basi mbunge ni mtumishi wa chama, na wananchi ni mashahidi tu wa ajira yake. Ikiwa jibu ni wananchi waliomtuma, basi asiye na chama ana wakemeaji wengi kuliko mtu yeyote, kwa kuwa hana kivuli cha kujifichia. Hawezi kusema, "Mimi nilitaka kuwatetea, lakini msimamo wa chama ulikuwa mwingine." Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi katika nchi hii, tena kwa watu wema. Ni maneno ya huzuni; maana yake ni kwamba ndani ya mtu mmoja mna watu wawili, mmoja ajuaye lililo sawa, na mwingine ainuaye mkono kulipigia kura lisilo sawa.

Hapo twapenda kutoa mfano wa kwetu, ili tusibaki katika maneno matupu. Wazee wa Kondoa wanakumbuka jinsi ardhi ya milima yetu ilivyokuwa. Mvua ilikata makorongo, udongo mwekundu ukawa unashuka mabondeni kila masika, mashamba yakawa yanapungua. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tuujuao kwa jina la HADO. Na mwaka 1979 ikatoka amri nzito: mifugo yote iondolewe katika eneo lililomomonyoka, eneo lenye kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote wakaondoka. Ndugu msomaji, yafikiri maana yake. Maziwa ya watoto yalikwenda. Samadi ya shamba ilikwenda. Mali ya mahari, akiba ya siku ya njaa, mnyama wa kubeba mzigo, vyote vilikwenda kwa amri moja. Lakini pia, majani yalirudi. Miti ikaota. Makorongo mengi yakapona, na baadaye baadhi ya jamaa wakaanza kufuga ng'ombe wa maziwa ndani ya mabanda. Atembeleaye Haubi leo aweza kuona kwa macho yake kwamba ardhi ile ilipata nafuu.

Sasa, mbunge wa eneo kama hili alipaswa kusema nini mwaka 1979? Mwenye kutii chama peke yake angesema, "Amri ni njema, nyamazeni." Mwenye kutaka kura peke yake angesema, "Amri ni mbaya, ikataeni." Bali mtu wa dhamiri angekuwa na kazi ngumu kuliko hao wawili. Angewaambia wakubwa, "Mwawaondolea watu riziki yao kwa siku chache mno, na hamkuwaandalia ya badala." Kisha angewageukia watu wake na kuwaambia, "Ndugu zangu, ardhi hii tunaiua sisi wenyewe, na wajukuu wetu watatulaani." Angechukiwa pande zote mbili. Hatusemi kwamba wawakilishi wa wakati ule walinyamaza. Wala hatukusudii kumhukumu mtu. Twasema tu kwamba nchi yahitaji watu wawezao kusema maneno hayo mawili kwa kinywa kimoja, na kwamba yafaa tujiulize kama sharti la kadi hutusaidia kuwapata watu hao au hutuzuia.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la Waafrika tu. Mwaka 1774 huko Uingereza, Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wa mji wa Bristol kwamba mbunge anawawia si bidii yake tu bali pia akili yake na uamuzi wake, na kwamba anawasaliti kama akiitoa akili hiyo kafara kwa kuwapendeza. Miaka sita baadaye, watu wa Bristol wakiwa wamemchoka, alijitoa katika uchaguzi alipoona hatashinda. Lilikuwa pigo kwake. Lakini tangu hapo hakuna ajifunzaye habari za mabunge asiyekutana na maneno yake. Na yafaa tukumbuke kwamba Burke mwenyewe alikuwa mtu wa chama, tena aliyevitetea vyama. Mtu aweza kuwa na chama na dhamiri pamoja. Ubaya huanza pale chama kinapokuwa ndicho mwenye dhamiri, na mtu akawa mkono wake tu.

Kwa hiyo hatuupingi uanachama. Vyama vina kazi njema. Huwakusanya watu wenye nia moja, hufundisha viongozi, huweka mpango mbele ya taifa ili taifa lichague. Hoja ya kwanza, ile ya jifya moja, ni ya kweli: asiye na wenzake atafanya machache. Lakini hoja hiyo ni ushauri kwa mpiga kura. Si sababu ya kumfungia mlango. Mwananchi ana akili ya kupima, "Je, nimpe kura huyu aliye peke yake, au yule mwenye wenzake?" Mwache apime. Ikiwa mgombea binafsi hafai, si atashindwa? Na ikiwa atashinda, si ni kwa sababu watu wameona kwamba anafaa? Uhuru wa kushirikiana na wengine, kama ilivyosema Mahakama ile ya Arusha, una upande wake wa pili: mtu asilazimishwe kushirikiana. Anayejiunga kwa kulazimishwa hakujiunga, ameingizwa.

Na sharti lenyewe limekwisha kutuletea mambo ya ajabu. Katiba yasema kwamba mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, kiti chake hupotea. Mwaka 2011 chama cha NCCR-Mageuzi kilimvua uanachama David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, naye akabaki katika kiti kwa msaada wa mahakama. Mwaka 2020 Chadema iliwafukuza wanawake 19 walioapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu. Chama kikasema si wake, nao wakaendelea kukaa Bungeni huku mashauri yakitembea. Hatusemi nani alikuwa na haki katika ugomvi huo wala ule. Twasema tu kwamba sheria isemayo hapana mbunge asiye na chama imejikuta ina wabunge ambao chama chao kimewakana. Na katika kisa cha Kigoma Kusini, watu waliopanga foleni juani kupiga kura walikaa wakisubiri kikao cha chama na amri ya mahakama viwaambie kama bado wana mwakilishi. Hiyo ni heshima gani kwa mpiga kura?

Mwalimu Nyerere, ambaye ndiye aliyeuongoza mfumo wa chama kimoja, katika maandiko yake ya miaka ya 1990 alilaumu kuwazuia raia wasio na chama wasigombee. Aliona kwamba kumnyima raia haki ya msingi kwa kubadili Katiba ni mwanzo wa desturi ya hatari, kwa kuwa leo ni haki hii, na kesho yaweza kuwa nyingine. Neno hilo latoka kwa mtu aliyejua vema nguvu ya chama, na kwa hiyo lina uzito wa pekee.

Lakini, wasomaji wapenzi, tusilipeleke jambo hili Bungeni peke yake, kana kwamba halituhusu sisi wa vijijini. Sharti la kadi lafika mpaka kitongojini. Katika kila kijiji cha nchi hii, kuanzia Pahi mpaka Busi, kuanzia nyanda hizi za kati mpaka pwani na maziwa, yuko mtu ambaye watu humwendea wakiwa na ugomvi wa mpaka wa shamba. Ndiye anayetunza daftari la pampu ya maji, na hakuna senti ipoteayo. Ndiye anayekwenda kwa mjane kabla hajaitwa. Mtu huyo labda hapendi vyama. Labda baba yake alikuwa wa chama hiki na mjomba wake wa chama kile, naye aliapa kutokuingiza ugomvi huo nyumbani. Mtu huyo hawezi kuwa mwenyekiti wa kitongoji chake. Kiti hicho huachwa kwa mwenye kadi, hata kama kijiji kizima chajua kwamba daftari likiwa mikononi mwake halitakuwa salama. Hii ndiyo hasara yetu ya kila siku, hasara isiyoandikwa katika hukumu yoyote ya mahakama.

Tena liko jambo jingine ambalo hatuna budi kulisema, ijapokuwa si tamu. Hata sheria ikibadilishwa kesho, mgombea huru hatatufaa kitu ikiwa mpiga kura si huru. Anayeuza kura yake kwa kanga, kwa fulana, kwa kilo ya sukari, huyo amejifungia mwenyewe mlango ambao hakuna mahakama iwezayo kuufungua. Anayemchagua mtu kwa sababu ni wa ukoo wake, na anayemkataa kwa sababu ni wa dini nyingine, hao nao wana kadi, ijapokuwa haionekani. Watu wa Mbulu mwaka 1960 walikuwa na chama kikubwa mbele yao, chama walichokipenda, chama kilicholeta tumaini la Uhuru, na hata hivyo walithubutu kusema, "Katika jambo hili moja, hapana." Uhuru ule ulikuwa wao kabla haujawa wa mbunge wao.

Basi, tuseme waziwazi tunalolisadiki. Mwakilishi ni mjumbe wa watu kwanza, na mwanachama baadaye. Chama kina haki ya kumpendekeza mtu, kumshauri, kumkemea, hata kumfukuza katika safu zake. Lakini hakina haki ya kuwanyang'anya watu mjumbe waliyemtuma wao. Na raia mwema asiye na chama asihesabiwe kuwa nusu ya raia. Yafaa Bunge lilitazame jambo hili tena kwa moyo mweupe, liweke masharti ya kuwazuia wenye hasira na wenye fedha, kisha liwaachie wananchi waamue. Nanyi wazazi, mnapoketi na watoto wenu jioni na habari za siasa zikatajwa, msiwafundishe tu kuuliza, "Yule ni wa chama gani?" Wafundisheni kuuliza, "Yule ni mtu gani, na akiwa mbali nasi, atasema nini juu yetu?" Mtoto aliyezoea swali hilo la pili, siku atakapopewa karatasi ya kura, atajua la kufanya nayo.